Furaha, nani atagonganisha kikombe na Neema sasa?

Kichwa yangu bado inakataa. Asubuhi nasikia ndala zako ku mulango, nasimama kufungua, hakuna mutu.

Wenye hamumujui: Furaha alikuwa ule mama wa jile ya bluu, ile nguo isiyo na mikono, mwenye alikuwaka anatembelea wagonjwa wa kichwa hapa mutaa wetu wa Majengo na kule Mapendo. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa ule ule. Sentre yenye inatunza wagonjwa hao ilimupatia kazi juu ya ugonjwa ule. Kwa Kifaransa yao wanaita pair-aidant, mugonjwa mwenye anasaidia wagonjwa wenzake. Yeye alisemaka tu, "Miye niko kichaa mwenye kazi."

Tulijuana siku nilipeleka Neema, binti yangu. Tangu tukimbie vita kule Kalengera alikuwa anasikia watu wenye hawako. Nilikuwa nalia ku benchi ya sentre, Furaha akakuja kukaa karibu.

"Mama, usilie hivi, utamuogopesha mutoto. Sauti zangu zilikuwa zinasema kutwa nzima, kama radio ya jirani."

"Na ulipona?"

"Sijapona. Nakunywa dawa. Si unaniona?"

Nilimuangalia. Kitenge safi, nywele zimesukwa vizuri. Njo siku nilianza kula tena.

Wakati ule alikuwa anajitolea tu, anafagia kiwanja na kuongelesha wagonjwa wenye wanangojea. Kisha wakamufundisha, wakamupatia jile na baji, akaanza kukaa ku mikutano pamoja na madokta. Siku alipata jile alizunguka nyumba zetu zote: "Mutazame! Wazimu imepata iniforme!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Neema alikuwa anakataa dawa kwangu. Alisema nataka kumuua. Basi Furaha akawa anapita kwetu kila asubuhi, na kidonge chake yeye mwenyewe mukononi. Vikombe viwili vya maji. Wanavigonganisha kama watu wa bia.

"Santé, kichaa wangu!"

"Santé, kichaa mukubwa!"

Wanameza pamoja, kisha uji. Miye nasimama ku jiko, najifanya siangalii.

Sasa niseme yenye inaniuma.

Furaha alishikwa na homa. Ikapanda, akaanza kusema ovyo, anaita mama yake mwenye alishakufa. Walipomufikisha ku poste ya afya, mutu mumoja akamutambua: "Huyu si ule kichaa wa jile? Ugonjwa wake umerudi." Wakamufunga mikono ku kitanda. Hawakumupima damu. Dada yake akapiga magoti: "Mumuguse tu! Mwili unaunguza!" Wakamuambia atulie, aache kelele.

Dokta wa sentre alipofika na kuomba wamupime, malaria ilikuwa imeshapanda ku kichwa. Hakuamuka tena.

Eh Mungu wangu. Jile yake ilikuwa pale ku kiti, imekunjwa. Watu wote waliheshimu ile jile. Alipoivua, kwa macho yao akarudia kuwa kichaa tu.

Ku kilio nikasikia mama mumoja ananong'ona, "Wazimu njo ilimumaliza." Nikamujibu mbele ya watu: "Hapana, mama. Malaria. Sema malaria." Akaangalia chini.

Neema alisikia yote. Tangu mazishi hajameza dawa. Jana nilichukua kikombe cha pili, nikatia kidonge mukinywa, ile ya kutuliza maumivu tu, ili aone nakunywa naye. Akaniangalia.

"Mama, weye hauna ugonjwa. Usinichezee."

Kisha akasema polepole: "Kama walimufunga Furaha, mwenye alikuwa na jile, miye watanifanya nini?"

Na ameshaanza tena kuongea na ukuta. Naogopa, ndugu zangu. Naogopa sana.

Njo maana naandika, hata kama kuandika sijui muzuri. Ninyi wenye mulikunywaka dawa pamoja na Furaha, najua muko wengi, na munasoma hii mukijificha, juu munaogopa kuitwa vichaa. Sitataja mutu. Lakini mukuje. Mumoja tu akuje, na kidonge chake mukononi. Mufike Majengo, muulize kwa Mama Neema, watoto watawaonyesha. Maji iko, uji iko. Mugonganishe kikombe na mutoto wangu. Miye nimejaribu, nimeshindwa, juu siko mumoja wenu.

Furaha, dada yangu, hata leo Neema amepanga vikombe viwili ku meza. Vimejaa maji. Amekaa, anaangalia mulango.

Lala salama, mama wa jile. Lala mikono yako ikiwa imefunguliwa.