Mistari Mitatu Kutoka India

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikisikia kijana wa hapa Matisi amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, hunirudia kama ya jana. Ndiyo siku niliyotoka kwetu Sirisia kwenda India kusomea udaktari wa mifugo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, sijawahi kulala mbali kupita Bungoma mjini. Baba, mkulima wa mahindi asiyejua kusoma, alinishika mkono akasema, "Uniandikie. Hata mambo madogo, wewe andika tu."

Mgeni ni kuku mweupe. Kule nilijifunza kupika dengu, kuuliza njia kwa lugha ya wenyewe, na kukaa chumbani peke yangu siku ya Krismasi bila kulia. Hayo yalinikuza, siyakatai. Lakini mwaka wa kwanza nilianguka mtihani, nikaambiwa nirudie darasa. Aibu ikanifunga mkono. Nikamwandikia Baba mistari mitatu: mimi mzima, chakula kizuri, masomo yanaendelea vyema. Kisha nikanyamaza. Nilijiambia nitaandika nikishafaulu. Shangazi yangu aliniandikia mara kwa mara. Nikazisoma barua zake, nikaziweka bila kujibu, mpaka naye akachoka, akaacha kuandika. Mficha uchi hazai, nami nilificha.

Nilipofaulu mwishowe, niliandika barua ndefu, kurasa sita. Aliyeijibu ni shangazi. Baba alikuwa ameshazikwa.

Niliporudi, shangazi alinipeleka kaburini, kando ya shamba. Kisha akaniuliza, "Unajua babako aliingia ngumbaru?"

"Baba? Kusoma na wazee wenzake?"

"Alinikataza nisikuambie. Ati hataki mtu mwingine amsomee barua za mtoto wake. Akasoma mpaka akajua. Ile barua yako moja ameisoma mpaka karatasi ikakatika kwa mikunjo. Alikuwa anangoja nyingine, asome kitu kipya."

Nikamwambia, "Senge, hata hiyo moja ilikuwa ya uwongo. Nilikuwa nimeanguka mtihani."

Senge, ndivyo sisi humwita dada ya baba, hakunifokea. Heri angenifokea. Alinitazama tu, akasema polepole, "Babako alirudia hilo darasa la ngumbaru mara mbili, mama. Sasa yeye angekucheka?"

Swali hilo ninalo hata leo, na nywele zimeshakuwa nyeupe. Nimetibu ng'ombe wa Kitale na Chwele miaka mingi, watu wameniita daktari, na bado kuna jioni natamani kumwambia mzee yule kwamba nilianguka.

Basi nisikie, mwanangu unayefunga sanduku. Nenda. Tembea peke yako, upotee njia, uipate; kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini usidhani kukua ni kuwafungia wa kwenu mlango mpaka uwe na la kujivunia. Sisi huku hatungoji cheti. Ukianguka, sema umeanguka. Ukilia, piga simu ukilia. Aibu ni ya siku chache, mwanangu, lakini neno usilomwambia mzazi akiwa hai utalibeba hadi uzeeni.

Mungu akutangulie uendako, akupe wa kukufungulia mlango ugenini, na siku ya kurudi akukutanishe na sisi sote tukiwa hai.