Uchafu Nilioutupa Mwambani

Kwetu Minembwe tunakula viazi na kunywa maziwa, kwa hiyo muhogo nilianza kuuona sahanini tu, ukiwa umeshakuwa ugali, baada ya kushuka kusoma huku Baraka. Naomba mlikumbuke hilo kabla hamjanicheka.

Wiki jana wenzangu darasani walinichagua niongoze salongo yetu, kazi ya kuusaidia mtaa. Tulikwenda kufyeka njia ya kijito. Kando ya maji nikakuta dimbwi lililofunikwa majani ya ndizi, na ndani yake vipande vyeupe, laini, vyenye harufu ya kutoa machozi. Nikajifunga shati puani, nikaamuru uchafu ule wote utupwe juu ya mwamba, jua liuue harufu.

Wenzangu walitazamana. Kisha wakavitoa na kuvipanga mwambani kimoja kimoja, kwa upole ulionishangaza.

Akaja mama mmoja mwenye beseni tupu kichwani.

"Nani ametoa mihogo yangu yenye nililoweka mu maji?"

Mihogo. Kumbe nilikuwa nimetupa chakula cha watu. Vidole vyote vikanielekea.

"Aksanti, mwanangu," akasema. "Ilikuwa tayari tangu jana, lakini mugongo yangu ilikatala kuinama. Sasa itakauka, nitwange bunga."

Nikashusha pumzi ndefu, nikaanza hata kutabasamu kama mtu aliyepanga hivyo tangu asubuhi. Ndipo akaliona shati.

"Lakini pua umefunga ya nini? Bugali unakulaka kila siku, unazania inatokaka wapi?"