Mguu wa Kushoto wa Ndege ya Shemeji

Shemeji yangu alistaafu ufundi wa breki za mabasi, na badala ya kupumzika kama watu wengine, akajenga ndege gerejini, iliyopakana ukuta mmoja na chumba chao cha kulala. Viti viwili: kimoja chake, cha pili cha dada yangu. Dada alisema atakikalia siku magurudumu yote yatakaposhuka bila kubembelezwa.

Kilichomtoa jasho ni mguu wa kushoto. Miguu ya ndege ile hukunjwa na kukunjuliwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Angani, mguu huo ulikataa kujifunga mpaka shemeji apampu kwa mkono. Nyumbani, ndege ikiwa juu ya jeki, ulishuka kwa adabu zote. Akabadilisha paipu, akatoa hewa, akafunga pampu nyingine. Hakuna tone lililovuja nje. Dada akiuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Bado kidogo tu."

Jumamosi moja akaacha kufungua nati, akafikiri.

"Angani kuna upepo, humu hamna," akasema. "Mama watoto, hebu njoo uwe upepo."

Dada akaacha cherehani yake, akaja na pini bado kifuani. Nikawasha pampu. Mguu ukaanza kushuka ukielekea mbele, naye akalisukuma gurudumu nyuma kwa kiganja kimoja. Mguu ukarudi juu.

Shemeji akapiga makofi. "Raba ya pistoni imekatika. Mafuta yanapenya humohumo ndani ya silinda."

Dada alikuwa akitazama kiganja chake. "Ndio mguu uliokuwa unatua nao huu?"

"Nilikuwa napampu kwa mkono."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

Nikajifanya natafuta spana. Nilimkasirikia hata mimi. Ile "bado kidogo" yake nilikuwa nimeimeza nzima nzima.

Raba mpya ilipoingia, dada akasukuma tena, kwa mikono miwili, kisha kwa bega, mguu wake mmoja ameukita ukutani. Gurudumu likashuka likajifunga kana kwamba hayupo.

Kesho yake kwenye uwanja wa ndege, kabla hajakaribishwa, dada alipanda akakaa kiti cha pili.

"Shuka kwanza," shemeji akamwambia. "Ngoja nijaribu peke yangu."

"Peke yako umeshajaribu vya kutosha," dada akasema, akafunga mkanda.