Kipimo cha Bibi Marieta

Hapa Endasak, mtoto akisema miguu inauma hapelekwi zahanati kwanza. Anapelekwa kwa Bibi Marieta, ambaye hana dawa yoyote zaidi ya hindi la kuchoma. Analiweka juu ya kilima cha nyuma ya nyumba yake, anasema, "Nenda ukalichukue." Ukilikimbilia, umepona, kesho unapalilia maharage. Mimi jirani yake nimepona hivyo mara mbili, na kwa kuwa hindi lilikuwa tamu sikulalamika sana.

Mwaka huu mgonjwa alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Letisia, msichana wa miaka kumi na tatu anayeishi na bibi, anayeamka kila siku sketi imekuwa fupi zaidi, na anayependa netiboli kuliko chakula.

"Bibi, goti linauma."

"Jana si ulikuwa unarukaruka na mpira?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi."

Hindi likapanda kilimani. Letisia akalifuata, akalila, kesi ikaisha. Ila alishuka analia, kwa sababu bibi aliyemlea hakumwamini. Mzaha wa bibi tuliupenda wote, lakini siku ile ulikosa chumvi.

Jioni bibi alimwambia apulize moto. Letisia akapiga magoti mbele ya mafiga, na goti lilipogusa udongo akaanguka ubavu, uso umekunjamana. Bibi akaacha mwiko ndani ya ugali. Alipopapasa chini ya goti, akakuta uvimbe mgumu.

Kesho yake zahanati, nesi aliwaeleza kwamba katika umri huu mifupa hurefuka haraka, na msuli wa paja huvuta mfupa pale chini ya goti. Kuruka kwingi kunazidisha maumivu. Yatapita akikua, ila kwa sasa apunguze michezo na asipige magoti.

"Lakini alikuwa anacheza," bibi alisema.

"Ndiyo maana anaumwa, mama."

"Na kupanda kilima?"

"Kilima tena? Aache kabisa."



Jumapili kanisani, watu wote walipopiga magoti, Letisia alibaki kwenye benchi, kichwa chini kwa aibu. Mzee Yoakimu, msimamizi wa utaratibu, akamwashiria kwa kidole ashuke. Bibi Marieta, ambaye hata homa haijawahi kumzuia kupiga magoti, akainuka sakafuni, akajipangusa vumbi, akaketi kando ya mjukuu wake.

"Endelea kusali, Yoakimu," alimnong'oneza. "Huyu anaumwa. Mimi ndiye niliyempima vibaya."