Sentensi moja ya Kiingereza iliyofanya ukoo wetu uitwe wachoma ghala

Wakuu, habari za leo. Na wa kwetu Kyela, mugonile.

Ninayoandika hapa yametokea nyumbani kwetu na bibi yangu ameniruhusu niyaseme. Nimebadilisha majina tu. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Nafundisha English sekondari, hapa hapa Kyela. Kwetu panajulikana kuwa ni Ngana, lakini asili yetu ni ufukweni, ziwani. Tulihama kwa aibu.

Bibi yangu anaitwa Tumpe, ndiye aliyemzaa mama. Babu yake aliitwa Ambilikile.

Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, Waingereza walivuka mto Songwe kutoka Nyasaland. Askari wa Mjerumani wakawa wanarudi nyuma kuelekea milimani, wakipita vijijini kukamata watu wa kubeba mizigo.

Watu wa kijiji chetu wakakimbilia kwenye matete. Aliyebaki ni Ambilikile peke yake, kwa sababu miguu yake ilikuwa mibovu.

Waliporudi, ghala la nafaka la kijiji kizima lilikuwa majivu. Ambilikile hayupo.

Mwaka ule watu walichimba mizizi ya migomba wakala. Watoto wengi walizikwa.

Sasa, nani alichoma ghala?

Afisa mmoja wa Kiingereza alifika pale na kikosi chake, akawahoji askari wawili waliotekwa. Alichoambiwa akakiandika kwenye karatasi, akamwachia mzee wa kanisa. Hakuna aliyeweza kuisoma.

Miaka mingi baadaye, kijana wa ukoo wa yule mzee wa kanisa, aliyesoma mpaka akawa karani, akaitafsiri. Akaandika hivi: "Askari walimfunga Ambilikile kwa kuchoma ghala la nafaka."

Basi ikawa ndiyo habari yenyewe: Ambilikile ndiye aliyechoma, na ndiyo sababu akafungwa. Mama yake Bibi alikuwa akisema baba yake asingeweza kuchoma chakula cha wajukuu zake. Wakamjibu kwamba Mzungu hana sababu ya kudanganya.

Mashamba wakawaachia wengine. Wakahamia Ngana. Bibi aliposwa mara mbili akiwa msichana, na mara mbili posa ikarudishwa baada ya watu kuuliza ukoo wake.

Tuje kwenye kilichonikuta mimi.

Kanisa la kule ufukweni linaandaa kijitabu cha historia yake. Mzee Gwakisa, ambaye yule karani alikuwa baba yake mzazi, akaniletea makaratasi nimchapie, maana anajua nafundisha English. Ile karatasi ya afisa ilikuwemo, pamoja na tafsiri ya baba yake.

Hapa nakiri kosa langu. Niliisoma ile English kwa macho yangu, nikachapa tafsiri ya zamani neno kwa neno. Nilichapa huku nimeinamisha kichwa kwa aibu, lakini nilichapa. Nimekua na habari ile, kwa hiyo hata macho yangu yaliona nilichozoea kusikia.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha participle clauses kidato cha tatu. Nikawa nasahihisha madaftari, nikakuta mwanafunzi kaandika: "Washing clothes in the river, a crocodile caught my aunt."

Yaani mamba ndiye aliyekuwa anafua nguo. Kwenye English, mtenda wa washing ni yule yule mtenda wa kitenzi kikuu, na hapo mtenda ni mamba.

Nikaandika maelezo hayo kwa kalamu nyekundu. Kisha mkono ukasimama.

Nikaitoa ile karatasi kwenye bahasha. Iliandikwa hivi:

"The askari bound Ambilikile, having burned the grain store, and took him north as a carrier. Being an old man, he did not return."

Wakuu, isomeni polepole.

Nani alifunga? Askari. Nani alichukua mtu? Askari. Na having burned imewekwa katikati ya matendo hayo mawili ili kueleza walichokwisha kufanya kabla ya kumfunga. Mtenda ni yule yule. Askari walichoma ghala, kisha wakamfunga mzee, wakaondoka naye akawabebee mizigo.

Nafundisha kitu hiki miaka tisa.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Gwakisa. Nilimwonyesha kila neno. Alisikiliza hadi mwisho, uso umekaza.

"Mwalimu, unataka kuniambia baba yangu hakujua Kiingereza?"

"Alikijua, tata. Hata mimi ninayekifundisha nimeisoma vibaya juzi tu."

"Baba alikuwa mtu mwema."

"Sijasema vinginevyo."

Akachukua karatasi, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Kisha akauliza, "Bibi yako bado yu hai?"

Nikamwambia yupo.

"Basi nipeleke. Nisipokwenda mwenyewe haitafaa."

Tulifika Ngana mchana. Bibi alikuwa anaanika mpunga uani. Mzee Gwakisa hakukubali kukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye mkeka, mtu mwenye umri ule.

Akasema, "Mama, ukoo wangu uliwasema vibaya. Babu yako hakuchoma. Jumapili nitasimama kanisani niseme, na kwenye kitabu itaandikwa ilivyo."

Bibi hakulia. Alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akaendelea kusawazisha mpunga kwa kiganja. Baada ya muda akaniita. "Hebu nisomee yote. Usiruke."

Nikasoma, nikamtafsiria mpaka mwisho: kwa kuwa alikuwa mzee, hakurudi.

"Hilo la uzee liko hapo, au umeongeza wewe?"

"Lipo, Bibi. Being an old man. Ndiyo sababu aliyoitoa yule afisa."

Akatazama kando.

"Kumbe walimwona kuwa ni mzee," akasema. "Na bado wakambebesha."

Mzee alitimiza ahadi, Jumapili alisimama akasema, na Bibi alikuwepo kanisani. Wapo waliompa Bibi mkono, wapo waliopita kimya.

Nilichojifunza: ukiambiwa maandishi yanasema fulani kafanya ubaya, tafuta kwanza mtenda wa kila tendo, hata kama aliyekutafsiria ni msomi, na hata kama msomi mwenyewe ni wewe.

Mwenye barua au hati ya zamani nyumbani iliyosomwa mara moja tu na mtu mmoja, aieleze hapa. Tuisome pamoja.