Mahali pa Kuweka Majedwali

Dada yangu alikuja likizo nyumbani kwa mama, Kizwite, mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, baada ya miaka mingi ya kazi ya kompyuta ughaibuni. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari Chala. Shuleni tulikuwa na kompyuta iliyowashinda mafundi: feni haizunguki, inapata moto, inazima. Nilipanda nayo basi, nimeipakata, nikampelekea.

Aliijaribu, akatabasamu. "Feni ni nzima. Kompyuta ndiyo haijui kama ina feni."

"Haijui vipi?"

Akanieleza. Kwenye ubao wa kompyuta kuna chipu, na ndani yake programu ndogo inayoamka kabla ya zote. Hiyo huandika majedwali kwenye kumbukumbu: kuna feni hapa, kuna kitufe cha kuzimia pale. Mfumo mkubwa unaoendesha kompyuta ukiamka huyasoma, ndipo unajua una nini. Yetu mtu alishaichezea. Majedwali yaliwekwa sehemu ambayo haikutengwa, kwa hiyo mfumo ulikuwa ukiandika vitu vyake juu yake.

"Tutayahamisha," akasema, "na pale tutakapoyaweka tutapawekea alama pasiguswe."

Siku nne tulikaa meza ya kulia chakula. Alikuwa akirekebisha programu, anabana kibanio chenye nyaya kwenye chipu, anaiandika upya, tunawasha, inagoma. Mama alikuwa kando anapepeta ulezi. Siku ya tatu alimuuliza dada kitu kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani. Dada akafungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa, akajibu kwa Kiswahili. Mama aliinamia ungo wake, akaendelea kupepeta.

Siku ya nne feni ilizunguka. Tulikumbatiana tukipiga kelele kama watoto, mpaka jirani akaja kuchungulia.

Wiki iliyofuata dada aliondoka. Hajarudi tangu hapo. Kila Krismasi anasema ijayo, na mama hutandika kitanda alicholalia.

Mwaka jana kompyuta nyingine ya shule iliharibika vilevile. Nilimpigia dada simu, akanielekeza hatua kwa hatua, nami nikaiweza mwenyewe.

"Umekuwa fundi, mdogo wangu! Sasa hunihitaji."

Nikacheka, nikamshukuru, tukaagana. Halafu nikabaki nimekaa kwenye ofisi ya walimu, simu mkononi, nikijilaumu kwa nini sikumwambia kwamba ningeweza kumuuliza fundi wa mjini, siku hizi anayajua haya, ila nilitaka kuisikia sauti yake mchana kutwa.