Nyasi Alizotandikiwa Mbwa

Nilipoolewa Izigo nilikuta nyumba ya sakafu ya saruji, imepigwa deki, inang'aa. Kwetu Ijuganyondo mama bado alikuwa anatandika nyasi sebuleni akija mgeni wa maana, na mimi nilitegemea siku ya kuingia kwangu nitatandikiwa hata fungu moja. "Nyasi zinaleta viroboto," mume wangu aliniambia. Nikaingia hivyohivyo, maana bibi harusi wa miaka arobaini na mbili anayeolewa na mwanamume aliyefiwa na mke hadai nyasi. Kwa hiyo asinishangae mtu nikisema kwamba miaka sita baadaye nilimwonea mbwa wivu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa marehemu mke wa kwanza. Nilimkuta kama nilivyokuta picha ya marehemu ukutani na vikombe vya bluu ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea. Mimi nilimpa ugali na dagaa, yeye akanipa mkia mara moja moja, basi.

Asubuhi moja bodaboda ilimgonga pale barabarani, mbele ya kibanja chetu. Mume wangu alimsogeza taratibu juu ya ubao ili asimkunje, akamleta nyumbani. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Muleba, akampapasa, akasema mfupa wa nyonga ya kulia umepasuka na pale hapafungwi kitu. Alimchoma sindano ya maumivu, akatukataza kabisa kumpa vidonge vya watu. Mbwa alale pahali laini, akasema, ageuzwe kila baada ya saa mbili, na akianza kupata nguvu tumsaidie kusimama kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya tumbo.

Nilidhani atawekewa gunia bandani. Mume wangu akachukua mundu, akaenda rweya, kule kwenye uwanda wa malisho, akarudi na mzigo wa nyasi kichwani. Akatandika majani makavu ya mgomba kwenye kona ya sebule, nyasi juu yake, kisha blanketi.

"Na viroboto?" nikamuuliza.

"Saruji ina baridi, jamani waitu. Mgonjwa halali kwenye baridi."

Mwaka uliotangulia mimi nililala na malaria siku nne, na pole zangu nilizipokea kutoka mlangoni, pamoja na panadol mbili na maji ya kikombe. Sasa nilimwona mtu yuleyule akipiga magoti, mkono mmoja chini ya bega la mbwa, mwingine chini ya nyonga, akimgeuza bila kumtoa hata mlio. Alimlainishia ulimi kwa maji, akamfuta mkojo, akamkunjia kitambaa akakipachika chini ya nyonga. Sikujua ana mikono ile. Nilikuwa nimelala naye miaka sita na sikuijua.

Siku ya tano alikwenda Bukoba kutafuta dawa. "Usisahau kumgeuza," akaniambia. Sikusahau. Nilikaa barazani nikichambua maharage, nikazisikia saa mbili za kwanza zikipita, na za pili, na za tatu, mbwa ananiangalia kupitia mlangoni na mimi namwangalia. Nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama, na ninalisema hili kwa aibu.

Aliporudi alimgeuza kabla hata ya kuvua koti. Ubavuni, manyoya yalikuwa yamelowa, na ngozi imekuwa nyekundu upana wa kiganja.

"Hujamgeuza."

"Nimesahau," nikadanganya.

Hakufoka. Alipaka dawa, kisha akasema bila kuniangalia, "Kidonda cha namna hii kikianza kinachimba mpaka mfupa. Mwenzako aliyetangulia alilala kitandani miaka miwili, kikamtoka nyonga ya kushoto. Siku moja tu nilichelewa kumgeuza."

Hapo ndipo wivu wangu ulipopata mwenyewe. Kumbe sikuwa nagombana na mbwa. Nilijua marehemu alikufa kwa maradhi marefu. Watu wa Izigo waliniambia kabla sijaolewa, wakaishia hapo. Mikono ile alifundishwa na yeye, kila alipogumia na kumwambia hapa, si hapo, shusha kidogo. Nilimwonea kijicho mwanamke aliyeteseka miaka miwili. Hata nilitamani kuumwa.

Kuanzia siku hiyo nilimgeuza mbwa kwa zamu yangu, nikajikaza kisabuni. Kidonda kikafunga. Wiki zikapita, akasimama kwa msaada wa kitenge ambacho sikuwahi kukiona, kilichotoka kwenye sanduku ambalo sikuwahi kulifungua. Baadaye akawa anatembea na mume wangu mpaka kwenye mibuni, mguu wa nyuma unachechemea, mkia juu.

Mchana mmoja walitoka, nikabaki nafagia sebule. Nyasi zilikuwa bado pale, zimebonyea umbo la mbwa. Sijui nini kilinituma. Niliweka ufagio chini nikalala juu ya nyasi zile, kwa ubavu, magoti nimeyakunja. Zilikuwa laini, zinanuka mbwa na dawa, na nilizionea raha. Wakanikuta hapohapo.

Nilisubiri kuchekwa. Mume wangu hakucheka. Alipiga magoti, akakunja kitambaa mara mbili, akapitisha mkono chini yangu kwa upole uleule niliokuwa nauchungulia wiki zote zile, akakipachika chini ya nyonga yangu. Ya kushoto.

"Hiyo si yangu," nikasema.

Mkono wake ukasimama.

"Hapo ni pa mwenzangu. Mimi sijawahi kuumwa hapo hata siku moja."

Alikaa kitako kwenye saruji. Mbwa alikuja akanusa nyasi zake, akaona zina mtu, akajilaza mlangoni. Mume wangu alikichomoa kitambaa, kisha akaniangalia mimi, usoni.

"Wewe unaumwa wapi?"

Miaka sita alikuwa hajaniuliza. Nilikuwa na mengi ya kumwonyesha: goti, bega la upande wa mundu, mgongo wa chini unaovuta kila msimu wa kahawa.

Nikaanza na mgongo.